Sumu za Shambani na Uzazi wa Mwanaume: Kwa Nini Familia Nzima Inahusika

Ndoa ikipita mwaka mmoja au miwili bila mimba, katika vijiji vyetu macho yote humgeukia mke. Yeye ndiye anayepelekwa kliniki, yeye ndiye anayenyweshwa mizizi, na wakati mwingine yeye ndiye anayerudishwa kwao. Mume hapimwi. Lakini katika karibu nusu ya wenza wanaotafuta mtoto bila kufanikiwa, tatizo liko upande wa mwanaume, ama peke yake ama pamoja na tatizo la upande wa mwanamke. Na hawa wenza si wachache: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani hupitia tatizo la kutopata mimba wakati fulani wa maisha yake.

Sababu ni nyingi. Zipo kisonono na klamidia zisizotibiwa, mishipa ya korodani iliyovimba, matumbwitumbwi yaliyompata kijana baada ya balehe, sigara, pombe, kisukari. Makala hii inahusu sababu nyingine, ambayo hapa Kinyangiri na katika vijiji vingine vya Mkalama tunaishi nayo kila msimu bila kuizungumza: kemikali zinazovuruga homoni, hasa zile tunazonunua kwenye duka la pembejeo kwa jina la "dawa".

Ukitoka na jambo moja hapa, liwe hili: anayebeba bomba mgongoni ni baba, lakini anayeweza kuumia zaidi ni mtoto wa kiume ambaye bado yuko tumboni mwa mama anayefua nguo za baba. Kwa hiyo hili si suala la mwanaume peke yake, na kinga yake haiishii kwenye glavu.

Homoni ni nini, na zinavurugwaje?

Homoni ni wajumbe wa mwili. Ubongo, kupitia tezi ndogo iliyo chini yake, hutuma ujumbe kwenye korodani. Korodani hujibu kwa kutengeneza mbegu za kiume pamoja na homoni ya testosteroni, ile inayomfanya mvulana aote ndevu na sauti yake iwe nzito. Kila homoni ina mahali pake pa kufikia, kama ufunguo na kufuli lake.

Baadhi ya kemikali huharibu mpango huu kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni kuigiza: kemikali inajifanya homoni ya kike na kufungua kufuli lisilo lake. DDT ni mfano wa siku nyingi. Ya pili ni kuziba: kemikali inaingia kwenye kufuli la testosteroni na kukaa humo, hivyo testosteroni ikifika haipati nafasi. DDE, ambayo ni mabaki ya DDT mwilini, hufanya hivyo. Ya tatu ni kubadili kiasi cha homoni kinachotengenezwa. Mankozebu, dawa ya ukungu inayotumika sana kwenye nyanya na vitunguu, hugeuka mwilini kuwa kemikali inayosumbua tezi ya shingoni, ile inayovimba mtu akiwa na rovu. Homoni za tezi hiyo zinahitajika sana katika ukuaji wa mtoto.

Kiasi kinachohitajika kuleta mvurugo huu kinaweza kuwa kidogo kuliko kile kinachomfanya mtu atapike au aishiwe nguvu. Ndiyo maana mkulima anaweza kusema, "Mimi nimepulizia miaka 15 na sijawahi kuugua," akawa anasema kweli, na bado akawa amepata madhara asiyoyaona.

Vipindi viwili vya kuangalia

Kipindi cha kwanza ni mimba changa. Kuanzia wiki ya 8 hivi, korodani za mtoto wa kiume huanza kutoa testosteroni, na hiyo ndiyo inayoelekeza maumbile yake yajengwe ya kiume. Ujumbe huo ukikatizwa katika wiki hizo, hakuna nafasi ya kurudia. Mtoto anaweza kuzaliwa na korodani ambazo hazijashuka kwenye mfuko wake, au tundu la mkojo likafunguka upande wa chini wa uume badala ya kwenye ncha. Korodani isiyoshuka ikiachwa bila matibabu huongeza uwezekano wa kukosa uzazi na wa kupata saratani ya korodani ukubwani. Si kila mtoto mwenye hali hizi ameathiriwa na kemikali. Nyingi hutokea bila sababu kujulikana. Lakini mama akikutana na kemikali hizi, uwezekano unaongezeka.

Wengi wa akina mama huanza kliniki wakati wiki hizo zimekwisha kupita. Kwa hiyo ushauri wa kujikinga hauwezi kungoja kadi ya kliniki. Mwanamke anayetarajia kushika mimba anapaswa kukaa mbali na kazi ya kuchanganya na kupulizia tangu sasa.

Kipindi cha pili ni utu uzima wa mwanaume mwenyewe. Mbegu moja huchukua takribani siku 74 kukua mpaka kukamilika. Maana yake, shahawa za leo zinasimulia yaliyompata mwanaume miezi miwili au mitatu iliyopita. Kuna habari njema ndani ya jambo hili: kama korodani zenyewe hazijaharibika, mwanaume akiacha kukutana na sumu, hali inaweza kuboreka baada ya miezi michache.

Ushahidi unatoka wapi?

Kisa kilichoamsha dunia kilitokea mwaka 1977 katika kiwanda cha kemikali huko Lathrop, California, Marekani. Wafanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza DBCP, dawa ya kuulia minyoo ya udongoni, waligundua wenyewe kwa kuongea kwamba miongoni mwao hakuna aliyekuwa akipata mtoto. Walipodai kupimwa, wengi walikutwa na mbegu chache sana au hawana kabisa. DBCP hushambulia zaidi seli zinazotengeneza mbegu kuliko kuvuruga homoni, lakini ilithibitisha kuwa dawa ya shambani inaweza kumnyima mwanaume mzima uzazi huku akijiona ni mzima. Matumizi yake yalisitishwa karibu yote nchini humo mwaka 1979. Hata hivyo iliendelea kutumika kwa muda kwenye mashamba ya migomba ya Amerika ya Kati, na maelfu ya vibarua wa huko baadaye walikwenda mahakamani wakilalamikia ugumba.

Karibu zaidi nasi ni Limpopo, Afrika Kusini, katika wilaya ya Vhembe, ambako DDT imekuwa ikipuliziwa kwenye kuta za nyumba ili kudhibiti malaria. Watafiti waliwapima wanaume 311 wa umri wa miaka 18 hadi 40, na mwaka 2007 wakaeleza kuwa kadiri DDE ilivyokuwa nyingi kwenye damu, ndivyo mbegu zilivyokuwa dhaifu katika kuogelea. Mwaka 2009 walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto wa kiume zaidi ya 3,300 waliozaliwa huko. Mama aliyeishi kijiji kilichopuliziwa alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 33, wa kuzaa mtoto mwenye kasoro ya njia ya mkojo au ya viungo vya uzazi. Uwezekano huo ulikuwa mkubwa zaidi pia kwa mama aliyeshinda nyumbani kuliko kwa aliyekuwa na ajira. Mama hakushika bomba. Alikaa tu mahali sumu ilipokuwa.

Huko Kasaragod, katika jimbo la Kerala nchini India, endosalfani ilimwagwa kwa ndege juu ya mashamba ya mikorosho kwa zaidi ya miaka 20. Utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kuwa wavulana wa huko walichelewa kubalehe wakilinganishwa na wenzao wa vijiji visivyopuliziwa. Mwaka 2011 endosalfani iliwekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa duniani. Ni dawa ambayo hata wakulima wa Tanzania waliitumia kwa miaka mingi kwenye kahawa na pamba.

Tafiti za aina hii huonyesha uhusiano; hazituambii kwamba mwanaume fulani amekosa mtoto kwa sababu ya dawa fulani. Ila zinapoelekea upande mmoja, kutoka nchi tofauti, na maabara zikaeleza njia yenyewe, si busara kungoja.

Na hapa kwetu?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, na DDT si dawa ya mkulima tena. Lakini sumu za aina hiyo hazioni haraka kuondoka. Huko Vikuge, Kibaha, mkoani Pwani, shehena ya viuatilifu iliyoletwa nchini kama msaada miaka ya 1980 iliachwa kwenye banda mpaka banda likachakaa. Miaka mingi baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam bado walikuta DDT kwa wingi kwenye udongo wa pale.

Dawa za leo nyingi hazikai ardhini muda mrefu namna hiyo, ila tunazitumia mara nyingi zaidi. Utafiti uliofanywa kwa wakulima wadogo wa mboga wa Kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta kuwa karibu theluthi moja walikuwa wakichanganya dawa zaidi ya moja kwenye bomba moja, na asilimia 68 walisema waliwahi kujisikia vibaya baada ya kupulizia. Sisi wa Singida tunalima alizeti, pamba, mahindi, mtama na, penye maji, vitunguu. Alizeti na mtama havidai dawa nyingi. Pamba na vitunguu vinadai, na huko ndiko mzigo mkubwa uliko.

Zitazame mbili. Mankozebu, niliyoitaja hapo juu, ilinyimwa kibali upya katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020. Miongoni mwa sababu ni madhara yake kwa mtoto aliye tumboni na kuvuruga homoni. Klopirifosi, dawa ya wadudu iliyotumika sana duniani, iliingizwa mwaka 2025 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, pamoja na misamaha ya matumizi kadhaa. Kwa hiyo dawa inaweza kuwa imekataliwa kwingine huku kwetu inaendelea kuuzwa. Ukisikia muuzaji anasema "ingekuwa mbaya isingeuzwa", kumbuka mifano hii miwili.

Rangi ya lebo haisemi yote

Tunawafundisha wakulima kuangalia mstari wa rangi chini ya lebo: nyekundu ni hatari sana, kisha njano, bluu na kijani. Ni mafundisho mazuri, lakini yana pengo. Rangi hizo zinapima jambo moja tu: sumu inamdhuru mtu upesi kiasi gani akiimeza, ikimgusa au akiivuta. Hazisemi lolote kuhusu homoni, mimba wala mbegu za kiume. Mankozebu iko kwenye kundi la chini kabisa la WHO kwa sumu ya papo hapo. Mkulima anaona kijani, anavua glavu.

Hata neno letu linatudanganya. "Dawa" ni kitu cha kuponya; mama huwapa watoto dawa. Serikali hutumia neno viuatilifu, na ni sahihi, ila mtaani wachache hulitumia. Nyumbani kwako iite sumu. Mtoto akisikia "sumu ya pamba" hataichezea chupa yake.

Ufanye nini?

Shambani:
- Kwanza punguza. Kagua shamba, uone wadudu wapo kiasi gani, ndipo uamue kupulizia. Kupulizia kwa ratiba ya mazoea ni kupoteza fedha na afya. Muulize afisa ugani njia nyingine za kudhibiti wadudu.
- Tumia kipimo kilichoandikwa, na usichanganye dawa mbili kama lebo haisemi hivyo.
- Vaa nguo ya mikono mirefu, suruali ndefu, gambuti na glavu za mpira. Suruali iliyolowana mapajani ni hatari, kwa kuwa ngozi ya sehemu za siri hupitisha kemikali kwa urahisi kuliko ngozi nyingi za mwili. Bomba linalovuja mgongoni litengeneze kabla ya kuingia shambani.
- Pulizia asubuhi au jioni upepo ukiwa umetulia, na usitembee ukielekea upepo unakotoka. Pua ya bomba ikiziba, usiipulize kwa mdomo.

Nyumbani:
- Usiingie ndani na nguo za kazi. Vua nje, oga kwa sabuni, ndipo umshike mtoto.
- Nguo hizo zifuliwe peke yake, kwenye beseni lake, na mwenye kuvaa glavu. Kama mke ni mjamzito au mnatafuta mtoto, mume afue mwenyewe. Najua inasikika kama jambo geni. Ni kinga rahisi kuliko zote, na haigharimu shilingi.
- Sumu isikae chumbani wala jikoni. Iwe kwenye sanduku lenye kufuli, katika chombo chake chenye lebo, kamwe isihamishiwe kwenye chupa ya soda.
- Chupa na dumu la sumu likiisha, lisuuze mara tatu, maji yale uyarudishe kwenye bomba, kisha litoboe lisitumike tena. Mkoani kwetu mafuta ya alizeti huuzwa kwenye madumu yaliyokwishatumika. Nunua kwa mtu unayejua madumu yake yalibeba nini.
- Mahindi ya chakula yanaweza kuhifadhiwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile inayoitwa kinganjaa, bila kuchanganywa na dawa ya unga.

Kuna vyanzo vingine vya kemikali hizi, kama plastiki zinazopashwa moto. Chai au uji wa moto usiuweke kwenye mfuko laini au chombo cha plastiki. Tumia kikombe cha bati, udongo au glasi.

Jambo moja usilifanye: usiache chandarua chenye dawa kwa kuogopa makala hii. Kiasi cha dawa kilichomo ni kidogo, si DDT, na malaria inaua, hasa wajawazito na watoto.

Si mzigo wa mkulima peke yake

Ni rahisi kumwambia mkulima "vaa vifaa" kisha tukaondoka. Jua la Singida ni kali, vifaa vina bei, na lebo nyingine zimeandikwa kwa maandishi madogo yasiyosomeka. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), inayosajili viuatilifu na kusimamia wauzaji. Unaponunua, una haki ya kudai chupa iliyofungwa kiwandani, yenye lebo ya Kiswahili na namba ya usajili. Dawa iliyopimwa kwenye kichupa kisicho na maandishi usiinunue, hata iwe nusu bei, kwa sababu hujui unachobeba.

Yako pia mambo ya kuulizana kwenye mkutano wa kijiji na vikao vya chama cha ushirika: madumu matupu ya msimu huu yanakusanywa wapi? Nani anafundisha vijana wanaolipwa kupulizia mashamba ya watu, ambao hukutana na sumu siku nyingi kuliko mwenye shamba? Watu wanaopulizia kwa ujira ni vijana, wengi hawajaoa bado. Wao ndio wenye mengi ya kupoteza.

Lini mwende kituo cha afya

Kama mmekaa mwaka mmoja mkikutana mara kwa mara bila uzazi wa mpango na mimba haijaingia, nendeni, na nendeni wawili. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, msisubiri zaidi ya miezi sita. Kwa mwanaume kipimo cha kwanza ni cha shahawa. Hakiumi. Utaombwa ukae siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa, kisha sampuli ihesabiwe maabara. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unatumia mbegu milioni 16 kwa mililita kama kiwango cha chini cha kulinganishia. Aliye chini yake bado anaweza kuzaa, ila anahitaji kuchunguzwa zaidi. Jibu likiwa baya hurudiwa baada ya wiki kadhaa. Kama kituo chenu hakina kipimo hicho, ombeni rufaa. Mweleze mhudumu kazi unayofanya na sumu unazotumia. Ikiwezekana nenda na lebo.

Usichanganye uzazi na nguvu za kiume. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu zote na akawa hana mbegu, na asiye na nguvu anaweza kuwa na mbegu nzuri. Kwa hiyo vinywaji na vidonge vya "kuongeza nguvu" vinavyouzwa stendi na minadani haviponyi ugumba. Vipimo katika nchi mbalimbali vimekuta baadhi ya bidhaa za aina hiyo, zinazodaiwa kuwa za mitishamba tu, zimefichwa dawa za hospitali zinazoweza kumdhuru mwenye ugonjwa wa moyo.

Kwa mtoto wa kiume, muombe muuguzi amkague korodani anapozaliwa na kwenye mahudhurio ya kliniki. Nyingi ambazo hazijashuka hushuka zenyewe ndani ya miezi sita. Zisiposhuka, mtoto apewe rufaa, kwa kuwa upasuaji hufaa zaidi kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Na kama tundu lake la mkojo haliko kwenye ncha, asitahiriwe kwanza mpaka aonwe na daktari wa upasuaji, kwa sababu ngozi ile ile ya mbele inaweza kuhitajika kumtengenezea njia ya mkojo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wale wafanyakazi wa Lathrop walipona aibu kwanza, ndipo kemikali ikajulikana. Ukiwa na mashaka, usiyabebe peke yako wala usimbebeshe mkeo: mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako, au njoo kituoni siku yoyote ya kazi na umuombe muuguzi muongee faraghani.